Amani hadi Ukiriguru na ramani nne mkobani

Safari hii, kutoka Amani kwenye milima ya Usambara, Tanga, hadi Ukiriguru karibu na Mwanza, niliifanya Mei 2025 nikiwa likizo. Naiandika nikiwa nimesharudi nyumbani, kwa msaada wa picha za simu na daftari ambalo kurasa zake za mwanzo zililowa Amani na mpaka leo zimegandana.

Kazi yangu ni mipango ya matumizi ya ardhi vijijini. Kwa lugha nyepesi ni kazi ya kuchora mistari: huku malisho, huku makazi, huku mashamba, hapa msitu wa kijiji. Kabla mstari haujachorwa lazima ardhi iwe imegawanywa kwa sifa zake, na kila fani ina mgawanyo wake inaoutetea kwa jasho. Watu wa hali ya hewa wana wao, watu wa miti wana wao, watu wa setilaiti ndio usiseme. Ofisini mabishano hayaishi, kwa sababu ramani yoyote ikiwa mezani inapendeza. Nikaona nizipeleke porini.

Mkobani niliweka nne. Ya kwanza ni kanda za kilimo na ikolojia za Tanzania, ile inayoigawa nchi katika kanda kuu saba kwa kuangalia mvua, sura ya nchi na udongo. Ya pili ni ramani ya uoto wa Afrika ya Frank White, iliyotolewa na UNESCO mwaka 1983. Ya tatu ni ya setilaiti, WorldCover ya 2021 ya shirika la anga la Ulaya, yenye vipande vya mita 10 kwa 10. Hiyo niliipakia kwenye simu. Ya nne si ramani hasa. Ni mchoro wa mteremko niliounakili kutoka kwenye kazi za Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani, ambaye mwaka 1935 alipendekeza kwamba udongo wa Afrika Mashariki uchorwe kwa mfuatano wake kutoka kilimani hadi bondeni. Mfuatano huo aliuita katena. Kuanzia Desemba 1935 hadi Februari 1936 alizunguka sehemu za Tanganyika akikagua udongo. Alifariki 1942, na ripoti ya safari yake ikachapishwa 1947. Mimi sikufuata njia yake. Nilichoazima ni pa kuanzia tu.

Kipimo nilichojiwekea ni hiki: nikisimama na ramani hii mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, mtu akanyanyuka akauliza "kwa nini mstari upite kwangu?", ramani inanipa jibu au inaniacha nikijikuna kichwa?

Jumatatu, Mei 12: Muheza hadi Amani

Masika yalikuwa bado yanamwaga. Basi la Amani linaondoka Muheza mchana likishajaa, na kujaa maana yake ni watu, magunia, jogoo wawili na mabati ya mtu anayejenga. Nauli nililipa elfu tano. Tulipoanza kupanda, barabara ikawa tope tupu, na kwenye kona moja konda akatuomba tushuke tutembee ili gari lipande jepesi. Hakuna aliyelalamika, inaonekana ndiyo desturi.

Ramani zangu za karatasi zilikuwa kwenye bomba la kadibodi, na kadibodi na mvua havipatani. Mama mmoja aliyekuwa akirudi kutoka kuuza iliki akatoa mfuko wa nailoni kwenye kapu lake, akalifunika lile bomba na kulifunga kwa kamba ya katani kabla sijamwomba. "Karatasi za serikali hizo, zikilowa utatuletea nuksi," akasema, na basi zima likacheka. Nilimwambia si za serikali. Hakuamini.

Ni yeye aliyenipa somo la kwanza la safari. Nilimuuliza iliki analima wapi, akaonyesha kwa kidole msitu tuliokuwa tunaupita. Huko ndani, chini ya miti mikubwa. Nikafungua simu: eneo lote kijani cha miti, bila doa. Setilaiti inaona paa, haioni chumba. Shamba la mwanamke huyu, linalomsomeshea watoto, kwa ramani ya mita 10 halipo, na mpangaji anayeitegemea hiyo peke yake angelifanya hifadhi bila kujua kwamba kuna mtu anaondolewa.

Kwa watakaopita: katika masika beba viatu vya mpira na uweke fedha taslimu mfukoni, maana mtandao wa simu milimani unapotea. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo shughulikia malipo ukiwa bado Muheza.

Jumanne, Mei 13: Amani

Asubuhi ukungu, chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha. Kiongozi wa msitu niliyepewa ni kijana wa hapo hapo, mpole, anayeijua miti kama watu wa ukoo wake. Tulipanda naye mpaka sehemu ambayo msitu ni mnene kiasi kwamba saa nne ya asubuhi unaona kama jioni.

Ukisimama hapo ni rahisi kuamini kwamba udongo umenona. Wajerumani waliamini. Miaka ya 1890 walifyeka misitu ya Usambara wakapanda kahawa, ikaota, kisha ikawashinda. Mwaka 1902 wakaanzisha taasisi ya utafiti hapa Amani, na baadaye chini ya Waingereza ndipo Milne alipofanyia kazi zake. Nilitaka kukiona kwa macho kilichowaponza. Tukachagua mahali nje ya hifadhi, kwenye kingo ya barabara iliyokatwa, tusije tukachimba pasiporuhusiwa. Juu kulikuwa na tabaka jembamba la majani yaliyooza, nyeusi, laini, harufu nzuri. Chini yake, udongo mwekundu wa mfinyanzi unaoendelea kwenda chini mpaka mwisho wa kingo, bila mabadiliko. Nikachukua kidogo, nikakoroga na maji safi, nikachovya karatasi ya kupimia: rangi ya asidi kali, kati ya 4 na 5 kwenye kipimo cha pH. Mvua ya Amani ni karibu milimita 1,900 kwa mwaka, na imekuwa ikiusafisha udongo huo virutubisho kwa karne na karne. Utajiri wote uko kwenye lile tabaka jembamba, unazunguka kutoka jani hadi mzizi hadi jani. Ukifyeka, mzunguko umekatika. Chai inastahimili asidi, ndiyo maana iko pale mpaka leo.

Hapo ramani ya uoto ilipata alama zake za kwanza mbaya. Njia ya kusoma ardhi kwa kutazama kinachoota juu yake ina heshima kubwa, na mahali pengi inasaidia, kwa sababu mmea umeishi na mvua na udongo kuliko mpimaji yeyote. Lakini inakuambia nini kinaweza kuota pamoja na msitu, haikuambii nini kitabaki msitu ukiondoka. Na mpango wa matumizi ya ardhi mara nyingi unauliza hilo la pili.

Kijana alinionyesha pia musizi, mti mrefu unaopendeza, ulioletwa kisha ukaenea mpaka ndani ya msitu wa asili. Kwa setilaiti musizi na mti wa asili ni kitu kimoja. Kwa White, aliyechora bara zima, ni kitu kimoja. Kwa kijana huyu ni ugomvi wa kila siku.

Alhamisi, Mei 15: Morogoro

Muheza, Segera, Chalinze, Morogoro: basi, joto, filamu ya mapigano kwa sauti ya juu, hakuna la kuandika. Morogoro nililala gesti ya elfu ishirini na tano karibu na Msamvu, nikala ugali na kisamvu kwa mama lishe, nikawaza.

Ijumaa, Mei 16: treni hadi Dodoma

Hii sehemu niliisubiri kwa hamu. Treni ya umeme ilifika Dodoma mwaka 2024, na kwa anayetaka kuona kanda za ikolojia zikibadilika hakuna dirisha bora zaidi. Nauli ya kawaida ya Dar hadi Dodoma wakati huo ilikuwa 31,000. Kutoka Morogoro unalipa pungufu. Kata tiketi mapema mtandaoni, beba kitambulisho, na omba kiti cha dirishani.

Nilifungua ramani ya kanda kwenye mapaja. Mpango wangu ulikuwa kuukamata mstari: pale ukanda mmoja unapoishia na nusu ukame unapoanza. Kanda hizi zinajengwa zaidi juu ya urefu wa msimu wa kuota, yaani idadi ya siku ambazo mvua, pamoja na unyevu uliohifadhiwa ardhini, inazidi nusu ya maji ambayo jua na upepo vingeweza kuyavuta. Ni kipimo chenye akili. Mvua ya milimita 600 iliyosambaa na mvua ya milimita 600 iliyomwagika kwa wiki sita si mvua moja, na hesabu hii inazitofautisha.

Tukaingia milima ya Kilosa, mahandaki, giza, mwanga, giza. Tulipotoka upande wa pili mashamba yalikuwa yamepauka. Mbuyu wa kwanza, halafu mibuyu mingi. Mahindi yakawa mafupi, kisha yakaachia nafasi kwa mtama na uwele. Mstari wenyewe sikuuona. Jirani yangu, mzee aliyekuwa anakwenda kumwona mwanawe Dodoma, aliniuliza natafuta nini dirishani muda wote huo. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, mvua haina bikoni."

Ni kweli, mvua haina nguzo za mpaka, lakini sitaki kuionea ramani hii. Wizara ikitaka kujua mbegu gani ya mahindi ipelekwe Dodoma na ipi ibaki Morogoro, hii ndiyo ramani yake. Kijiji hakina la kufanya nayo. Kijiji chote kimeingia ndani ya rangi moja, na mtu akiniuliza kwa nini mstari upite kwake, nitamjibu kwamba kwenye karatasi yangu hakuna mstari.

Jumamosi, Mei 17: Kondoa na kurudi

Barabara ya Dodoma hadi Kondoa ni lami sasa, na mabasi madogo ni mengi. Nilikwenda kwa sababu moja: hapa ndipo nchi yetu iliwahi kuchukua uamuzi mzito kwa kutumia aina moja tu ya mgawanyo wa ardhi, ule wa uharibifu.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973. Vilima vya Irangi vilikuwa vimechanwa na makorongo. Mwaka 1979 serikali ikachora eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200, ikaliita eneo lililoharibika, na mifugo yote ikatolewa humo. Ukisimama leo juu ya korongo unaona kazi iliyofanyika: kingo zimejaa vichaka na nyasi, na chini, mchanga ulioshuka miaka ile umetulia. Mimea ilirudi. Hilo halina ubishi.

Lakini ng'ombe hawakuyeyuka. Walihamia nje ya mstari, kwa jamaa na majirani wa tambarare, na wafugaji wakakaa miaka kumi bila maziwa ya nyumbani mpaka ufugaji wa ndani ulipoanza kuruhusiwa mwaka 1989. Mwenyeji aliyenikaribisha maji ya kunywa na karanga kibarazani kwake alikuwa mtoto wakati huo. Anakumbuka wingu la vumbi siku mifugo ilipoondoka. Hakuwa na kinyongo. "Ardhi ilipona," akaniambia, "ila waliipima ardhi, hawakupima ng'ombe anakwenda kunywa wapi."

Miaka mitatu kabla ya uamuzi ule, 1976, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilikuwa imetoa mwongozo wa kutathmini ardhi ambao sisi wa fani hii tunaukariri mpaka leo: ardhi haifai wala haikosi kufaa hivi hivi, inafaa au haifai kwa matumizi yaliyotajwa, katika madaraja kutoka inayofaa sana hadi isiyofaa kabisa. Tunaukariri, kisha tunakwenda kijijini na kupaka eneo rangi nyekundu bila kutaja haifai kwa nini na kwa nani.

Jumanne, Mei 20: Dodoma hadi Shinyanga

Basi la alfajiri, elfu thelathini na tano. Hadi Singida mambo safi. Singida tulisimama kula. Kuku wa kienyeji wa kukaanga, na alizeti zikiwa zimeanikwa pembeni ya barabara kila kona. Mawe ya Singida yaangalieni mkipita. Ni granaiti ileile itakayotokea tena usukumani.

Baada ya Singida barabara inashuka mlima Sekenke, na ghafla chini yako imetandazwa mbuga ya Wembere, tambarare mpaka macho yanachoka. Juu udongo mwekundu na wa mchanga, chini udongo mweusi unaonata. Nilikuwa nimeshatoa mchoro wa Milne nikifurahi peke yangu kama mwendawazimu, basi likapasuka tairi.

Tairi la akiba lilikuwepo, jeki haikuwepo. Tulikaa pembeni ya barabara zaidi ya saa tatu. Kampuni ilisema kwa simu kwamba gari jingine linakuja, halikuja. Aliyetuokoa ni dereva wa lori la mpunga, aliyesimama bila kuitwa, akatoa jeki yake, akavua shati na kuingia chini mwenyewe. Utingo wake akawasha jiko la mkaa kando ya lori, akachemsha chai, wakawapa wazee na watoto kwanza. Alipomaliza hakutaka fedha. Abiria walichangishana hata hivyo, wakamrushia kupitia dirishani wakati lori linaondoka.

Ule muda nililipima Wembere kwa mguu. Nje tu ya tuta la barabara udongo ulikuwa na nyufa changa, mvua ikiwa imekata wiki chache tu. Viatu vilibeba kilo ya tope hata pale palipoonekana pakavu. Majaruba ya mpunga yalikuwa yanavunwa. Juu ya mlima mwendo wa dakika chache kwa basi, hakuna jaruba hata moja. Mvua ile ile. Ukanda ule ule kwenye ramani ya kwanza.

Jumatano na Alhamisi, Mei 21 na 22: vijiji vya Shinyanga

Kijiji sitakitaja, maana mpango wao bado una maneno. Mtendaji alinipokea, nikasaini kitabu cha wageni, na mwenyekiti akanipa vijana wawili wa kunizungusha. Ukienda kijiji chochote kwa kazi ya namna hii anza ofisini hata kama unajuana na watu. Bila hivyo mwenye jipiesi anaonekana mnunuzi wa ardhi.

Nilikuja kuona ngitili. Ni eneo ambalo familia au kijiji hufunga mvua zinapoanza, nyasi zikakua, kisha likafunguliwa katikati ya kiangazi wakati kwingine kumekwisha. Ni utaratibu wa Wasukuma wa siku nyingi. Ulidhoofika sana, miti ikakatwa, mpaka miaka ya 1980 Shinyanga ikaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliodumu hadi 2004, na badala ya kuleta utaratibu mpya ukaifufua ngitili, sheria zake zikisimamiwa na dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, na sungusungu.

Tulitembea ngitili ya ukoo mmoja, ekari chache. Nyasi zilinifika kiunoni, miti ya jamii ya migunga imerudi, na kijana mmoja akanionyesha dawa tatu za tumbo ndani ya hatua ishirini. Kisha tukavuka njia ya ng'ombe tukaingia eneo la upande wa pili lisilo na mwenye kulisimamia. Kwa macho, Mei hii, tofauti ilikuwa ndogo. Nikafungua simu. Setilaiti ilizipa pande zote mbili vipande vilivyochanganyika vya nyasi, vichaka na shamba, na mahali pamoja iliita ngitili shamba.

Watengenezaji wa ramani ile wenyewe wanasema usahihi wake kwa dunia nzima ni karibu asilimia 77, na ni waungwana kusema. Shida ni kwamba makosa hayakugawanywa sawa. Msitu mnene na maji inavipata vizuri. Vichaka na nyasi za savana, ambavyo ndivyo mwili wa Shinyanga, ndipo inapotatizika. Mtu akikuletea ramani akakutajia asilimia moja tu, muombe jedwali zima linaloonyesha nini kilidhaniwa kuwa nini, kisha tafuta mstari wa ardhi unayoipanga wewe. Hata kama jedwali lingekuwa safi kabisa, ngitili haitofautishwi na jirani yake kwa rangi ya majani. Inatofautishwa na tarehe ya kufunguliwa.

Ramani ya White nayo niliikunjua kwenye benchi la ofisi ya kijiji. Iko katika uwiano wa 1:5,000,000, sentimita moja ni kilomita 50. Mwenyekiti aliuliza kijiji chake kiko wapi. Nikaweka ncha ya kalamu, na wino wa kalamu ukakifunika kijiji na vijiji jirani. Akaikunja ramani taratibu, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa.

Jioni tulikula michembe na karanga, na mwenyekiti akaeleza kinachokwamisha mpango. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka ardhi ya kijiji igawanywe: ya pamoja, ya mtu au familia, na ya akiba. Timu ya wilaya ilikuja, ikachora malisho ya pamoja juu, kwenye mchanga, kwa sababu mashamba yalikuwa yamejaa chini. Kwenye ramani ikapendeza. Lakini kiangazi ng'ombe hawali juu, wanashuka mbugani, kwenye udongo mweusi wa bondeni, ambako nyasi zimebaki mbichi, na mbugani sasa kumeandikwa kilimo. Nilimsimulia vijiji vya Kiteto vilivyopanga malisho yao kwa pamoja kuvuka mipaka ya vijiji, ule mpango unaojulikana kama OLENGAPA. Akasikiliza. Akasema tatizo lake si mpaka wa kijiji, ni kwamba walipanga kijiji kama vile mwaka una msimu mmoja.

Jumamosi, Mei 24: Ukiriguru

Kutoka Shinyanga nilipanda basi la Mwanza, nikashuka Misungwi, nikachukua bodaboda. Ukiriguru wengi wanaijua kwa kituo chake cha utafiti wa kilimo. Mbegu za pamba zenye herufi UK zimetoka pale. Kwa watu wa udongo panajulikana kwa mteremko: kilima cha granaiti juu, bonde jeusi chini, na kati yao mfuatano uliopangika vizuri kiasi kwamba umetumika kufundishia.

Nilipata mwenyeji, afisa ugani mstaafu, tukaanzia juu saa mbili asubuhi na kekee ya udongo, chuma cha kutoboa ardhi na kutoa udongo wa chini. Juu kabisa mawe matupu, Wasukuma wanaita luguru. Chini ya mawe, isanga, mchanga mkavu wenye punje kubwa za mawe yaliyomomonyoka. Kisha luseni, mchanga laini zaidi: mihogo, karanga, viazi vitamu. Kekee ilizama kwa mikono miwili bila kutoa jasho. Tulipofika chini zaidi, penye nyasi fupi na vijidimbwi, kekee iligoma. Sentimita thelathini hivi za udongo mwepesi, kisha kitu kigumu kikalia kwa chuma. Tulipochimbua kwa jembe tuliona mpaka wenyewe: juu kijivu, unyevu, chini bonge gumu lililojifunga, na maji yakichuruzika juu yake yakifuata mteremko. Hiyo ni itogolo. Maji hayawezi kwenda chini, kwa hiyo yanakwenda pembeni. Ndiyo maana watu wamejenga majaruba hapo hapo.

Karibu na bonde tulikuta ibushi, udongo mweusi wenye punje nyeupe za chokaa. Nikadondosha asidi kidogo kutoka kichupa changu, ikatoa povu na sauti. Watoto waliokuwa wanatufuata walidai nirudie mpaka kichupa kikaisha. Mwishoni mbuga yenyewe, nyeusi, yenye nyufa.

Tulikuwa tumetembea umbali usiofika kilomita mbili. Mwamba mmoja, mvua moja, rangi moja kwenye ramani ya kanda. Wenyeji wana jina kwa kila kipande, na kwa kila jina wana matumizi na mwezi. Mchoro wa Milne na mgawanyo wao vilikutana karibu kila mahali, na sioni ajabu, kwa sababu wote wawili walifuata maji. Mgawanyo huu ndio pekee uliolijibu lile swali la mkutano mkuu. Kwa nini mstari upite kwako? Kwa sababu hapa maji yanagoma kuzama, na jaruba la jirani yako linayategemea.

Una upungufu wake. Ni wa hapa. Jina la itogolo ukilivusha Usambara halina kazi, na kwenye ardhi ya volkano mfuatano ni mwingine. Kuuchora kwa wilaya nzima kunahitaji miguu mingi, na bajeti za wilaya hazina miguu mingi. Hapo ndipo setilaiti inapata kazi yake halali: kueneza mistari iliyohakikiwa chini, si kuibuni.

Tukiwa kwenye itogolo alikuja mama mwenye majaruba yale, jembe begani.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu.

"Mwangaluka, baba." Akatazama shimo letu, kisha karatasi ya manila ambayo mwenyeji wangu alikuwa anachorea. Akauliza mstari ule ni wa nini. Tukamwambia ndipo itogolo inapoanzia. Akatikisa kichwa. Mvua za El Nino za 1997 na 1998, akasema, maji yalitokeza juu zaidi, pale penye mwembe, na msimu huo alivuna mpunga mahali ambapo siku zote analima viazi. Akatupeleka. Tukachimba chini ya mwembe, na kwa kina kilichozidi kidogo urefu wa mkono wangu, bonge lile gumu lilikuwepo.

Halafu akaonyesha kilima. Kuna watu wameanza kupasua kokoto upande wa pili, na tangu waanze, mchanga unaingia kwenye jaruba lake la juu kila mvua kubwa. Kwenye mpango wa matumizi ya ardhi kilima ni karatasi moja na majaruba ni karatasi nyingine, zilizojadiliwa siku tofauti na kamati tofauti. Yeye alitaka kujua ni lini watakaa meza moja. Mwenyeji wangu aliahidi kulifikisha kwenye halmashauri ya kijiji baada ya mavuno, na mstari tukausogeza mpaka kwenye mwembe.

Kwa watakaokwenda: Mei ni mwezi mzuri, maji bado yanaonekana kwenye itogolo na njia zimekauka. Agosti utaona vumbi tu na hutaelewa majaruba yamejengwa kwa nini. Kekee ya udongo haikubaliwi kwenye buti la basi bila maelezo marefu, kwa hiyo izungushie kanga. Kutoka Misungwi hadi stendi ya Nyegezi magari hayakosekani mpaka usiku, na pale Nyegezi sato wa kukaanga na ugali nilimpata kwa elfu nane, mkubwa kuliko sahani.